Nimeitafuta rauta kwa kopo la maziwa

Wiki iliyopita intaneti ofisini ilikua inakatakata, kompyuta zinapewa anwani za IP (namba za kutambulisha kila kifaa kwenye mtandao) ambazo sio zetu kabisa, nikajua tu kuna mtu kachomeka rauta yake kwenye netiweki, nayo inagawa namba zake. Kwenye simu waifai yake naiona, chaneli ya 6, ila iko wapi sasa, vyumba 14 na kila nnaemuuliza anasema sio yeye.

Wengi wanatembea na simu wakifuata namba ya nguvu ya mawimbi inakopanda. Mi hiyo njia nshaijaribu sana na siiamini, tofali zikikaa katikati, au hata mtu tu akipita (mwili umejaa maji na maji yanakula mawimbi ya gigahezi 2.4), namba inashuka utadhani umeenda mbali kumbe uko palepale. Bora ujue mawimbi yanatokea upande gani.

Basi nikachukua kopo la maziwa ya unga liwe antena inayoona upande mmoja, kipenyo sentimita 10, nikatoboa milimita 44 kutoka kwenye kitako, nikasimamisha ndani waya wa shaba wa milimita 31, yaani robo ya urefu wa wimbi, alafu nikaunga kwenye adapta ya waifai ya USB yenye tundu la antena. Ila kopo halimuliki kama tochi, linaona upana mkubwa, kwahiyo pale namba inapokua kali zaidi ni butu, huwezi kusema ni hapa hasa. Nnachofanya nageuza kushoto mpaka namba ishuke desibeli 6 (kipimo cha nguvu ya mawimbi), naandika pembe, narudi kulia mpaka ishuke 6 tena, katikati ya hizo pembe mbili ndo mwelekeo. Hii naomba mtu aishike kuliko yote.

Nikapima sehemu mbili, nikachora mistari kwenye ramani ya jengo, ikakutana nje barabarani! Kumbe mstari wa kwanza mawimbi yalikua yamegonga kabati la chuma la mafaili yakadunda. Nikapima tena kona mbili nyingine, mitatu ikakutana stoo, ule wa kabati nikautupa.

Bluetooth 5.1 iliyotoka 2019 inaweza kujua mwelekeo hivi bila kuzungusha kitu, antena kadhaa kwenye kifaa kimoja zinalinganisha wimbi limefika kila moja kwa kupishana kiasi gani, pembe inapatikana kwa hesabu.

Stoo nilipekua chini nusu saa nzima, rauta iko shelfu ya juu kabisa nyuma ya maboksi ya karatasi. Nilipima kushoto na kulia tu, juu na chini sikupima, safari ijayo kopo nitaliinamisha pia.