Nambari Niliyoandika Kiganjani

Wengi mmeniuliza nilifuatiliaje kesi ya mdogo wangu, kwa hiyo naandika yote hapa mara moja.

Alikamatwa kwenye msako wa polisi saa tatu usiku, akiwa ameketi barazani kwa jirani na wenzake watatu. Akaachiliwa saa kumi alfajiri bila shtaka lolote. Aliporudi, mkono wa kushoto ulikuwa umevimba kuanzia kifundo hadi kiwiko, na hospitalini tukaambiwa mfupa umevunjika mahali pawili. Nilikaa siku mbili nikilia na kulaani. Siku mbili hizo bado zinaniuma, maana ndizo nilizopaswa kuandika kila alichokikumbuka: saa, rangi ya gari, nani alisema nini.

Siku ya tatu nilikwenda kituoni kuomba fomu ya P3. Fomu hiyo hujazwa na daktari kuonyesha kiasi cha jeraha, lakini hutolewa na polisi. Yaani umeumizwa na polisi, na ni lazima usimame mbele ya kaunta ya polisi kuomba karatasi ya kuwashtaki polisi. Askari wa zamu akaniuliza, "Mama, unamshtaki nani?" Nikamjibu, "Afande, jina lake silijui. Ndiyo maana nimekuja." Akafunga daftari.

Sikuondoka. Nilisimama pale tangu saa nne mpaka zamu ilipobadilika, akaja askari mwanamke, kijana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaandika kwenye OB, lile daftari la matukio la kituo, akanitajia nambari. Karatasi sikuwa nayo, nikaiandika kiganjani. Nilirudi nyumbani mkono nimeukunjua safari nzima ya matatu, naogopa jasho lisiifute.

Nambari ile niliipeleka IPOA, ile Mamlaka Huru ya Kuangalia Utendakazi wa Polisi, katika ofisi yao ya hapa Mombasa. Hapatakiwi wakili wala ada. Hata bila OB wangenisikiliza, lakini nambari ile ilionyesha kwamba kituo kilijua, na kilijua tangu lini.

Inafaa tukumbuke chombo hiki kilizaliwa na nini. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, Tume ya Waki iliyoyachunguza ilihesabu vifo 1,133, na 405 kati ya hivyo vilikuwa vya risasi. Wakati huo polisi walijichunguza wenyewe. Sheria ya IPOA ikapitishwa 2011, kazi ikaanza 2012. Wao hawafungi mtu. Huchunguza, kisha hupeleka mapendekezo kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

Na kuna jambo ambalo sikulijua kabla ya mkono ule kuvunjika. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi inamtaka askari mwenye sare avae jina au nambari yake paonekane. Nguvu aliyotumia ikisababisha kifo au jeraha baya, taarifa lazima itolewe mara moja, na IPOA waarifiwe ili wachunguze. Polisi wenyewe ndio wanaopaswa kupeleka habari! Mdogo wangu anakumbuka koti jeusi tu, limefunikwa hadi shingoni. Jina hakuliona. Na habari niliipeleka mimi, kwa kiganja.

Mamangu alinisihi niache. "Mwanangu, umemsahau yule wakili?" Sikuwa nimemsahau. Josephat Mwenda alipigwa risasi na polisi, akalalamika IPOA. Juni 2016, wakitoka mahakamani, yeye na wakili wake Willie Kimani na dereva wao wa teksi, Joseph Muiruri, walitekwa na kuuawa. Hukumu ya hatia ilikuja Julai 2022, na waliopatikana na hatia walikuwa polisi watatu na raia mmoja. Miaka sita. Hofu ya mamangu haikuwa ya bure, na sitamwambia mtu yeyote kwamba hofu yake haina msingi. Nilichofanya ni kutokwenda popote peke yangu, na kumwachia shangazi nakala ya kila karatasi.

Faili bado liko wazi. Plasta imetolewa, lakini vidole viwili havijakunjika sawasawa, naye ni fundi wa simu.

Tangu hapo nina daftari la kurasa tisini na sita karibu na mlango, kalamu imefungwa kwa uzi. Ijumaa iliyopita usiku mama mmoja wa nyumba ya tatu alibisha hodi. Mwanawe alikuwa amechukuliwa, na hakuambiwa ni kituo gani. Nikajitanda leso, nikamwita mdogo wangu atusindikize, tukatoka. Njiani nilimuuliza yule mama walimchukua saa ngapi, na gari lilikuwa la rangi gani. Saa mbili na dakika kumi, nikaandika. Nyeupe.