Waya Ninaoungoja Kariobangi

Alumini ya 7075, aloi yenye zinki, magnesi na shaba, haichomelewi kwa tochi na waya wa kawaida. Hapa Kariobangi Light Industries naunga alumini kwa gesi ya agoni kila siku, iwe rejeta, ngazi au kava ya injini, lakini hiyo ikija naikataa. Juzi kijana wa mashindano ya baiskeli aliniletea kishikio cha usukani kilichokatika karibu na bolti, namba ya aloi imechongwa ubavuni. "Fundi, si ujaribu tu?" Nikamwambia, "Kijana wangu, hiki nikikiunga kitakuachia mteremkoni."

Kuyeyuka inayeyuka vizuri, na mshono unang'aa. Shida huja unapopoa: ufa mwembamba kama unywele hujichora katikati ya mshono kabla hujaweka tochi chini. Zinki, magnesi na shaba zilizoipa 7075 nguvu ya megapaskali 570 hivi (kipimo cha mvuto inaoustahimili kabla ya kukatika) ndizo zinazoiponza. Aloi hiyo huanza kuganda karibu nyuzi 635 za Selsiasi na kumaliza karibu 477. Katika mwanya huo mrefu fuwele hutoa matawi marefu, na kimiminika cha mwisho chenye shaba na zinki nyingi hunaswa katikati yake. Metali inasinyaa, inajivuta, na hakuna kimiminika kinachoweza kupenya kuziba pengo.

Ndiyo maana kazi iliyotangazwa mwaka 2019 na kikundi cha Xiaochun Li, Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, imenikaa kichwani. Walitia chembe za nano, yaani ndogo mno, za titani kabaidi ndani ya waya wa kujazia, ule unaoyeyushwa kwenye mshono. Chembe hizo haziyeyuki hata nyuzi 3,000, kwa hiyo hubaki ngumu ndani ya alumini iliyoyeyuka. Huzuia matawi yasirefuke, fuwele zinatoka ndogo na za mviringo, na kimiminika kinapata njia hadi dakika ya mwisho. Maungio yao yalifika megapaskali 392, na baada ya kutibiwa kwa joto, 551.

Kikundi hichohicho mwaka 2015 kilitia silikoni kabaidi ndani ya magnesi, asilimia 14 ya ujazo, ikawa na nguvu ya ajabu kwa uzito wake. Ni kazi kubwa, ila inataka maabara. Waya hautaki mashine mpya. Tochi ni ileile, gesi ni ileile.

Vijana wanaoyeyusha vyuma chakavu hapa jirani wananiuliza kama wanaweza kununua unga wa nano wakaumwaga kwenye chungu. Hapana, jamani. Chembe ndogo hivyo hushikana zikawa madonge, na donge ndilo mahali ufa unapoanzia. Tena vumbi hilo si la kuvuta kifuani. Kuzitawanya sawasawa ndiyo kazi yenyewe, na kwenye waya mtu ameshaifanya kiwandani.

Waya huo ukifika maduka ya Industrial Area kwa bei ya fundi, nitaunga kwanza vipande vya mabaki, nivipake rangi ya kufichua nyufa, nivipinde kwenye jiliwa hadi vikatike. Kishikio cha usukani wa mtu kitangoja hayo yaishe.