Uzi Mweusi Kwenye Kofia Nyeupe

Mama alikuwa amekaa barazani kwetu Kibokoni, Mombasa, miguu ameinyoosha mkekani, kofia ameipakata. Navua viatu, namwona anapangusa kitambaa kwa ncha ya kidole. Akapangusa tena. Akakikung'uta, akakiinua kwenye mwanga, kisha akapangusa mara ya tatu.

"Mama, wapangusa nini?"

"Huu uzi mweusi. Nautoa, warudi."

Nikakichukua kile kitambaa. Kilikuwa cheupe pe, hakina hata unywele.

Ilikuwa Aprili 2017. Kofia yenyewe ilikuwa ya vito, ya kushonwa kwa mkono, kazi aliyokuwa akiifanya tangu sijazaliwa. Ni vitundu vidogo kama punje za mtama, kila kimoja kimezungushiwa uzi, mamia kwa mamia, mpaka maua yajitokeze. Moja humchukua miezi mitatu au minne. Hiyo alikuwa akimshonea mdogo wangu aivae siku ya Idi.

Sukari alikuwa nayo zaidi ya miaka kumi. Madaktari wa hospitali za umma walikuwa ndio kwanza wametoka kwenye mgomo wa siku 100, tangu Desemba hadi katikati ya Machi, na muda wote huo kliniki yake ilikuwa haifanyi kazi. Vidonge alinunua duka la dawa. Kupimwa, hakupimwa.

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya mgomo. Mwaka uliotangulia alikuwa amebadilisha miwani mara mbili kwenye duka moja la mjini. Mara zote mbili alisomeshwa herufi za ukutani, akapewa lenzi mpya, akalipa, akaenda zake. Hakuna aliyemuuliza kama ana sukari, wala aliyetazama ndani ya jicho. Miwani ikawa yamfaa Jumatatu, Alhamisi yamkataa, nasi tukasema lenzi ni mbovu. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba sukari ya damu ikipanda na kushuka, lenzi ya jicho lenyewe huvimba na kunywea, na namba ya miwani hubadilika nayo. Zile lenzi hazikuwa mbovu. Zilikuwa zikitwambia kitu, na hapakuwa na wa kusikiliza, mimi nikiwa wa kwanza.

Kesho yake tulipanda tuktuk, tukavuka Daraja la Nyali hadi hospitali ya macho. Daktari alikuwa binti kutoka bara, umri wa mdogo wangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Jito la kulia lina utando wa buibui."

Daktari akanitazama. "Jicho," nikamwambia. Mama ni mtu wa Mvita. Kwake jicho ni jito, na macho ni mato. Yule binti akatabasamu, akaandika, na tangu hapo hakusema jicho tena mbele ya mama. Alisema jito hadi siku ya mwisho. Kwa hilo tu nilimpenda.

Alitiwa matone ya kupanua mboni, tukangoja kama nusu saa. Mama akageuka kunitazama, nikaona mboni zake zimekuwa nyeusi tupu, duara kubwa kama vifungo vya koti. Akawekwa kwenye mashine, kidevu juu ya kiegemeo, paji la uso kwenye ukanda, akaambiwa asipepese. Mwale mmoja mweupe ukapiga. Kabla hajainua kichwa, sehemu ya nyuma ya jicho lake ilikuwa kwenye skrini.

Sikuwahi kufikiri kwamba ndani ya jicho mna rangi. Ilikuwa kama nyama ya papai lililoiva, mishipa imetambaa kutoka doa moja la manjano hafifu, na huko ndiko neva inakotokea kwenda kwenye ubongo. Kisha daktari akaanza kuonyesha kwa kalamu. Vidoa vyekundu, hivi ni mishipa midogo iliyovimba na kuvuja. Vipande vya manjano, haya ni mafuta yaliyoachwa na majimaji ya damu. Na hapa pembeni, tazameni, pana kifungu cha mishipa myembamba imejisokota kama uzi uliotatizika, haina mpango, haikutakiwa kuwepo. Chini yake palikuwa na kivuli cheusi.

"Huu ndio uzi wako, mama. Ni damu. Inaelea ndani ya jito, ndiyo maana huwezi kuupangusa."

Mama hakujibu. Alikitazama kile kivuli kwa muda mrefu, kisha akasema, "Na wala haliumi."

Haliumi. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haina hisia ya maumivu kama ngozi, na jicho la pili lilikuwa likifidia kila kilichopotea. Mwaka mzima maradhi yalikuwa yakijenga huko ndani naye anatunga uzi kwenye sindano.

Mashine ya pili ni ile waiitayo OCT. Hii haikumgusa hata kidogo. Alitazama alama ya msalaba, mwanga usiouma ukapita, na kutokana na jinsi ulivyorudi mashine ikachora retina kama iliyokatwa kwa kisu: matabaka juu ya matabaka, kama chapati iliyosukumwa na mwenye mkono. Unene wake hupimwa kwa mikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Njia hiyo ilitangazwa Marekani mwaka 1991, nami nilikuwa nimeshaanza shule. Katika umri wangu huohuo, wangapi mtaani kwetu walipofuka bila mtu yeyote kuona kinachowapofusha? Daktari alipima pale katikati, mahali pa kusomea na pa kushonea. Hapajavimba, akasema. Niliona mabega yake yakishuka, nami nikapumua. Ila pale pembeni, akasema, patatibiwa kwa mwanga wa leza.

"Nikipigwa huo mwanga wa leza, n'taona kama zamani?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Sitaki nikudanganye. Hiyo damu inaweza kukauka yenyewe. Lakini retina iliyokwisha kufa, leza hairudishi. Leza inalinda iliyobaki."

Akaeleza taratibu. Sukari imeziba mishipa midogo, retina imekosa oksijeni, nayo hupiga kelele kuomba damu. Mwili huitikia kwa kuotesha mishipa mipya, ila ni mishipa dhaifu, hupasuka, na ikiachwa huweza kuivuta retina ing'oke. Leza huchoma vidoa vidogo pembeni mwa retina. Sehemu ile haihitaji tena oksijeni nyingi, kelele hupungua, mishipa mibovu hunywea.

"Kumbe ni upindo," mama akasema. "Ushaoza, waukata nguo isalie."

Daktari akasema hajawahi kusikia ikielezwa vizuri hivyo.

Usiku ule nilisoma kwa simu mpaka saa saba. Wamarekani waliijaribu leza kwa wagonjwa zaidi ya 1,700, jicho moja likitibiwa, la pili likiachwa, na mwaka 1976 wakatangaza kwamba imepunguza upofu mkali kwa zaidi ya nusu. Hawakuona tena haki ya kuyaacha yale macho mengine yaliyokuwa hatarini. Nyuma zaidi nikamkuta daktari Mjerumani, Gerd Meyer-Schwickerath. Jua lilipopatwa mwaka 1945, mwanafunzi mmoja aliliangalia likamwunguza retina, naye daktari akawaza: kama jua laweza kuunguza mahali padogo hivyo, kwa nini lisitibu? Akaliteremsha jua kwa vioo kutoka juu ya paa huko Hamburg hadi kwenye jicho la mgonjwa. Leza yenyewe ilikuwa bado. Ya kwanza iliwashwa mwaka 1960.

Nilimsimulia mama asubuhi, maana Septemba iliyopita, jua lilipopatwa, aliwafungia wajukuu ndani na mapazia akashusha. Alinisikiliza hadi mwisho. "Subhanallah," akasema, akaniomba nimsimulie tena, hasa pale pa vioo.

Siku ya leza mimi pia nilivishwa miwani maalumu, taa zikazimwa. Alitiwa matone ya ganzi, daktari akamwekea lenzi nene juu ya jicho. Kisha mguu ukabonyeza, mwanga wa kijani ukapiga. Ukapiga tena, na tena, haraka kama cherehani. Mama alikuwa ameshika ncha ya leso, na kila palipochoma zaidi niliona vidole vyake vikijikunja, midomo ikisoma "Ya Latifu." Hakutikisika. Mikono iliyozoea kutulia juu ya sindano ilimfaa siku hiyo. Alipigwa vidoa zaidi ya 500 kikao kile, na vikao vilikuwa vitatu, vyote tukavimaliza kabla ya Ramadhani kama alivyotaka.

Tulitoka saa sita mchana, jua la Nyali likampiga usoni, akajifunika leso gubigubi ndani ya tuktuk hadi nyumbani.

Daktari alikuwa ametuonya kuhusu giza, na kweli uoni wake wa usiku ulipungua. Magharibi ikiingia, vichochoro vya Kibokoni vilimtatiza, akaanza kupapasa ukuta. Nikaweka taa ngazini, nyingine mlangoni. Ule utando nao ulififia kidogo kidogo, ukawa moshi, ukawa vumbi, mpaka wiki ya pili ya Ramadhani akaniambia umekwenda.

Alasiri moja nikamkuta tena barazani na ile kofia. Nilidhani anashona. Alikuwa ameshika wembe, anafumua. Safu nne nzima, zile alizoshona jicho likivuja damu.

"Idi iko karibu, mama. Nani atakayeziona?"

Akanipa kofia, akanionyesha kwa ukucha. Vitundu vilikuwa vimepinda upande mmoja, kidogo mno, nami ilibidi niviinue hadi kwenye mwanga.

"Mimi naziona," akasema, akaichukua, akalamba ncha ya uzi, akautunga.