Datsun nyepesi, lakini ya barabara zetu

Kila mtu akisikia natengeneza Datsun 240Z kwa mtindo wa zile za mashindano ya Safari Rally anauliza kama ni ile yenyewe. Si ile. Ile ya Edgar Herrmann ilishinda 1971, ya Shekhar Mehta 1973, na mimi naunda gari la heshima kwa hizo, nyekundu na boneti nyeusi, mteja anajua hivyo kabla hata hajatoa deposit.

Kazi kubwa ni uzito. Boneti na mlango wa buti tunafinyanga kwa faibaglasi, vioo vya pembeni tunaweka plastiki ngumu, kile cha mbele kinabaki kioo kabisa, hapo sibishani na mtu. Halafu kuna ile lami ya kuzuia kelele imeganda kwa sakafu, unaipasha moto kidogo kidogo unaibandua na patasi, fundi wangu anaifanya akiwa amepiga magoti mchana kutwa na huwezi kumharakisha juu bati la chini ni jembamba na ukitoboa umejiongezea kazi ya kuchomea.

Chini sipunguzi kitu. Bati nene la kukinga sampu, yaani karai la oili chini ya injini, lazima liwepo, shokabsoba nzito pia, hii si gari ya kwenda madukani Village Market tu, mtu ataipeleka Naivasha apite kwa mawe.

Kuuza ndio pole pole. Wengi wanataka niandike "original". Siandiki, na kwa agreement nasema wazi ni tribute, yaani gari la heshima, chesisi namba ni ya gari ya kawaida na logbuku inasema hivyo hivyo.