Sentimita kumi za juu za tope la Ziwa Tanganyika

Katika Ziwa Tanganyika, ukishuka chini ya mita 100 hivi upande wa kaskazini, au kama 200 upande wa kusini, oksijeni imekwisha. Huko hakuna konokono wala mnyoo wa kufukua tope, kwa hiyo kinachotua hubaki kwenye tabaka lake: ukanda mweupe wa diatomu, yaani mwani mdogo sana wenye ganda la kioo, zinazostawi pepo za kusi zikikoroga maji wakati wa kiangazi, kisha ukanda mweusi wa udongo ulioletwa na mvua.

Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliosoma mabaki ya samaki na konokono ndani ya tope hilo. Ulionyesha kwamba samaki walianza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara wa katikati ya karne ya 20, kadiri ziwa lilivyozidi kupata joto. Kwa anayebishana kuhusu kupungua kwa dagaa na migebuka, hilo ni jambo zito sana, na ushahidi wake uko kwenye tope jepesi kabisa. Tope likitua milimita moja kwa mwaka, karne nzima ni sentimita 10. Ukipoteza tatu za juu, miaka 30 imekwenda.

Na ni rahisi mno kuzipoteza. Tope huchukuliwa kwa bomba linalozamishwa kwenye sakafu ya ziwa, na tope la juu ni kama uji mwepesi. Bomba likiangushwa kwa kasi, maji yanayosukumwa mbele yake hulipeperusha kabla mdomo wa bomba haujafika. Teremsha upesi hadi mita chache juu ya sakafu, simama mpaka mtumbwi utulie na kamba iwe wima, kisha achia polepole uzito wa bomba ulizamishe. Ukivuta, ziba chini kwa kizibo cha mpira bomba likiwa bado ndani ya maji. Halafu tazama maji yaliyo juu ya tope: yakiwa maangavu na uso umelala sawa, umefaulu. Yakiwa na vumbi, mwaga urudie. Mimi sioni sababu yoyote ya kubeba bomba lililovurugika hadi maabara.

Tope la vilindini pia lina gesi ya methani. Likipanda, shinikizo hupungua, gesi hutanuka na kupasua tabaka. Kata mapema, ukiwa pwani ya ziwa, kwa kulisukuma kutoka chini na kuondoa vipande vya sentimita moja. Pembeni mwa kila kipande ondoa milimita chache, maana ukuta wa bomba huburuta tope la tabaka moja hadi jingine. Hifadhi kwenye nyuzi 4 za Selsiasi. Ukigandisha, barafu huharibu mpangilio wa tabaka.

Mahali pa kuchimba pana uzito kuliko chombo. Kingo za ziwa hili ni mteremko mkali, na tope huporomoka. Poromoko moja huweza kulaza sentimita kadhaa kwa muda mfupi tu, mchanga chini na udongo laini juu. Ukizihesabu kama miaka, umri wote uliobaki chini umeharibika. Ndiyo maana migongo iliyoinuka chini ya maji, kama ule wa Kisiwa cha Kavala, hupendwa na watafiti.

Kwa kupima umri wa tope la karibuni hutumika risasi-210, aina ya madini ya risasi yenye mionzi, ambayo nusu yake huoza kila miaka 22, hivyo haifai kupita miaka 150 hivi. Zaidi ya hapo ni kaboni-14, yaani kaboni yenye mionzi, lakini pima kipande cha jani la nchi kavu ukikipata, kwani kaboni kongwe iliyomo majini hufanya tope lionekane la kale kuliko lilivyo.

Diatomu husafishwa kwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 30 na asidi. Ostrakodi, vijinyama vya majini jamii ya kaa, kamwe usiwaguse kwa asidi: magamba yao ni chokaa, yatayeyuka. Loweka kwa maji, chekecha kwa chujio lenye matundu ya mikroni 63 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita).

Chukua mabomba mawili mahali pamoja, moja likatwe, jingine lihifadhiwe zima. Andika JUU kwa wino usiofutika kwenye bomba lenyewe, si kwenye kizibo, kwa sababu vizibo hubadilishana.