Mwache alale kidogo

Alhamisi usiku. Suruali ya kazi bado ina madoa ya nyasi magotini, na nimeamua kuandika kabla sijaifua.

Asubuhi tulimhasi farasi dume wa miaka 3 katika zizi moja upande wa Ngong, nje kidogo ya Nairobi. Upasuaji wenyewe sina haja ya kuueleza. Ni kazi fupi, na mikono yangu imeshaizoea. Kinachonikosesha usingizi kila mara ni kile kinachofuata, muda ambao watu wanadhani daktari amemaliza na anakusanya vyombo vyake.

Tulianza saa moja na nusu, umande haujakauka. Kwanza zailazini, dawa ya kumtuliza, kwenye mshipa wa shingo. Baada ya dakika chache kichwa kikashuka hadi usawa wa magoti, mdomo wa chini ukalegea, miguu ya nyuma ikatanuka. Hapo ndipo nilipompa ketamini, dawa ya kumlaza, pamoja na diazepamu ya kulegeza misuli. Ketamini ikitangulia kabla farasi hajatulia sawasawa, atasisimka badala ya kulala. Mzee, saisi aliyeanza kutunza farasi kabla mimi sijaingia darasa la kwanza, alimshika kichwa na kumwelekeza polepole. Farasi akaketi kwa matako, akalala ubavu.

Mzee hakungoja kuambiwa. Alimfunika macho kwa taulo, akamtia pamba masikioni, akafungua mikanda ya kichwani. Bizimu ikilaliwa na shavu kwa muda, mshipa wa fahamu wa uso unaweza kupooza na mdomo ukabaki umepinda. Mguu wa mbele wa upande wa chini tuliuvuta mbele ili misuli ya bega isibanwe. Farasi wa kilo 450 akilala, uzito wake mwenyewe unamgeuka. Damu haifiki vizuri kwenye misuli iliyo chini, na upasuaji ukichukua saa nyingi, misuli hiyo huvimba na kuwa migumu kama ubao. Anapozinduka anataka kusimama, lakini mguu haumbebi.

Mbwa akiamka kutoka nusukaputi hujilaza pale pale akilialia. Farasi hawezi. Ameumbwa kukimbia, na mwili wake unajua kwamba aliyelala chini ndiye anayeliwa. Akili ikirudi nusu tu, anataka kuinuka, wakati miguu bado ni ya mlevi.

Hili nililijua kwa vitabu kabla sijalijua kwa macho. Miaka sita iliyopita, katika zizi jingine, nilimlaza farasi jike ili nimshone kidonda cha paja. Nilipomaliza niliondoka shingoni mwake, nilipokuwa nikimkandamiza asiinuke, kwenda kufunga kisanduku cha dawa. Hatua nne tu. Ndoo ya bati ikaanguka mahali fulani nyuma ya banda. Yule jike aliruka akiwa bado hajazinduka, akapiga hatua mbili za upande, akaanguka juu ya uzio. Niliusikia mfupa wa mguu wa mbele kabla sijauona. Sindano ya mwisho nilimchoma mimi mwenyewe, na tangu siku ile sijawahi kuondoka shingoni mapema.

Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa farasi zaidi ya 41,000 waliotiwa nusukaputi. Hata ukiwatoa wale waliopasuliwa kwa ugonjwa wa tumbo, karibu 1 kati ya kila 100 alikufa ndani ya siku 7, na mifupa iliyovunjika wakati wa kuamka ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Mtu anayetia saini karatasi ya kukubali upasuaji wa farasi wake anastahili kuambiwa hivyo waziwazi.

Namfikiria sana Ruffian, yule jike wa Marekani aliyeshinda mbio zake zote 10 za kwanza. Tarehe 6 Julai 1975 alivunjika mguu wa mbele katika uwanja wa Belmont Park. Madaktari wakaupasua, wakaufunga plasta. Alipozinduka alianza kurusha miguu akiwa amelala, kana kwamba bado yuko mbioni, akaivunja ile plasta na kujiumiza upya. Wakalazimika kumuua. Mwaka 2006 Barbaro, bingwa wa Kentucky Derby, alipovunjika mguu wa nyuma, wapasuaji wa New Bolton Center kule Pennsylvania walimwamshia ndani ya bwawa, akielea juu ya boti la mpira lenye nafasi za miguu, ili hata akirusha mateke yapige maji tu. Kuamka aliamka salama. Ugonjwa wa kwato ndio uliommaliza Januari 2007.

Sisi hatuna bwawa. Hatuna hata chumba chenye kuta za magodoro na kamba za kichwa na mkia, kama kile nilichofanyia mazoezi Uingereza. Tuna nyasi, taulo, na goti langu juu ya shingo ya farasi.

Dakika ya 20 tangu alale asubuhi ile, sikio la dume letu lilicheza. Niliinua pembe ya taulo: mboni ilikuwa ikienda huku na huku kama mtu anayesoma kwa haraka. Jicho likiwa hivyo, farasi hafai kusimama. Kundi la kwarara likapita juu yetu likipiga kelele zake zote. Nikahisi shingo inakaza chini ya goti, nikaongeza uzito, nikamgeuzia pua juu kidogo.

"Daktari, mwache alale kidogo," Mzee akanong'ona. Nadhani aliyelengwa alikuwa kijana mgeni wa zizi, aliyekuwa ameshasogea na kamba.

Tulingoja. Jicho likatulia. Nilipotoka shingoni alijiviringisha akakaa kwa kifua, akapumua kwa nguvu puani, akabaki hivyo dakika kadhaa akitazama ukuta wa banda. Kisha akanyoosha miguu ya mbele, Mzee akaukamata mkia kumpa mizani, na akasimama mara moja tu, dakika ya 34. Mapaja yalitetemeka. Jasho lilikuwa limemtoka nyuma ya masikio.

Kijana akaleta fungu la nyasi kavu kwa moyo mwema. Nikamzuia, nikamweleza kwamba koo nalo bado limelala, na tonge likikwama tutakuwa na mgonjwa mwingine.

Saa kumi jioni Mzee alinipigia simu. Amekunywa maji, amekojoa, anatafuna nyasi mbichi kidogo kidogo. Kesho asubuhi wataanza kumtembeza, dakika 20, ili uvimbe usikae.