Watu Wote Wanakutafuta

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii baraza la wazee la usharika wetu limekaa kupanga kalenda ya mwaka, na tangu tulipotoka pale moyo wangu haujatulia. Kila idara ilileta mipango yake: wanawake, vijana, kwaya, uinjilisti, ujenzi, shule ya Jumapili. Yote ilikuwa mizuri, sikuona hata mmoja wa kuupinga. Lakini ilipoandikwa yote kwenye karatasi moja, Jumamosi zote zilijaa: vikao, semina, matamasha, harambee. Nikatafuta palipoandikwa tutaketi lini kuwaombea watu wa Mungu kwa majina yao, na lini tutawafuata nyumbani wale ambao hatujawaona ibadani tangu Pasaka. Hapakuwapo. Na vita hivi navijua kwa ndani, maana ndiyo vita vyangu. Nikiitwa kamatini naenda. Simu ikilia naipokea. Jioni nafika nyumbani nimechoka kabisa, nami najiuliza mbele za Mungu: katika yote ya leo, lipi limezaa?

Basi nimekuwa nikisoma Marko sura ya kwanza. Tunaijua sote. Ni Sabato mjini Kapernaumu. Bwana amefundisha katika sinagogi, amemtoa pepo mchafu, amemwinua mkwewe Simoni kitandani. Jua limekwisha kuchwa, wanamletea wagonjwa wao, na "mji wote ulikuwa umekusanyika mlangoni". Alfajiri na mapema sana anaondoka, anakwenda mahali pasipokuwa na watu, anaomba huko. Simoni na wenzake wanamfuata, na wanapomwona wanamwambia, "Watu wote wanakutafuta."

Hebu tulisikie neno hilo kwa masikio ya mtumishi. Nani kati yetu angelikataa? Mji mzima umefunguka. Wagonjwa wapo, imani ipo, matokeo yameonekana jana tu. Kamati yoyote ya uinjilisti ingesema hapa ndipo pa kupiga turubai, tuongeze wiki mbili. Lakini Bwana anajibu, "Twendeni mahali pengine, mpaka vijiji vilivyo karibu, nipate kuhubiri huko nako; maana kwa hiyo nalitokea."

Ndugu zangu, wale waliokuwa wakimtafuta asubuhi ile hawakuwa adui zake. Nehemia, alipokuwa akiujenga upya ukuta wa Yerusalemu, aliitwa mara nne na Sanbalati na Geshemu waende wakakutane katika bonde la Ono, akajibu kwamba anafanya kazi kubwa, hata asiweze kushuka. Lakini yeye alijua wamekusudia kumdhuru. Kumkatalia adui ni rahisi. Waliomtafuta Bwana Kapernaumu walikuwa watu wenye shida za kweli, huenda miongoni mwao mama aliyebeba mtoto mgonjwa tangu usiku, na Bwana akaondoka kwenda vijiji vingine. Hilo linauma, na tusilipite haraka. Tumefundishwa tangu kipaimara kukataa dhambi. Kukataa jambo jema kwa sababu ya lile tuliloitiwa, hilo wengi wetu hatujafundishwa, na ndiyo maana tunachoka huku tukiwa wema.

Alijuaje la kuacha? Angalia mpangilio wa mistari. Mstari wa 35 anaomba. Mstari wa 38 anaamua. Alikuwa amekwisha kukaa na Baba kabla Simoni hajafika na habari za watu. Mtu asiyetangulia kukaa na Mungu, siku yake itapangwa na yeyote atakayewahi kupiga simu. Ataitwa na mwenye sauti kubwa, atakwenda. Ataitwa na mwenye cheo, atakwenda. Na yule mjane asiye na simu wala sauti hatafikiwa.

Tazama pia alivyoitumia miaka ya huduma yake. Makutano walimfuata kwa maelfu, naye aliwahurumia, akawalisha, akawaponya. Lakini Marko 3:14 inasema aliweka watu kumi na wawili, wapate kuwa pamoja naye. Kuwa pamoja naye kumetajwa kabla ya kutumwa! Na katika hao, watatu ndio aliowapandisha mlimani na kuwasogeza karibu naye Gethsemane. Wale elfu tano walikula mkate jioni moja wakaenda zao. Walioipeleka Injili mpaka ikatufikia mimi na wewe ni wale aliotembea nao njiani, akala nao, akawaeleza mifano walipobaki faraghani.

Mitume nao walikumbushwa jambo hili kwa manung'uniko. Matendo 6: wajane wa Wayahudi wa Kiyunani wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Wakasema, "Haipendezi sisi kuliacha neno la Mungu na kuhudumu mezani." Wakachaguliwa saba, na mstari wa 7 unasema neno la Mungu likaenea na hesabu ya wanafunzi ikazidi sana. Lakini naomba mtu asilishike andiko hili kukimbia kufagia kanisa. Waliopewa meza walitakiwa wawe wamejawa na Roho na hekima, na mmoja wao ni Stefano. Tena majina yao yote saba ni ya Kiyunani. Kazi ilikabidhiwa watu walioujua uchungu wa wale wajane. Meza haikudharauliwa hata kidogo. Ilipata wenyewe.

Na hapa niseme kwa upendo lakini wazi. Katika sharika zetu nyingi watu wale wale ndio wazee, ndio kwaya, ndio kamati ya ujenzi, ndio wapishi wa msibani. Wengine tunakuja, tunasikiliza, tunatoa sadaka, tunaondoka. Kisha tunashangaa kwamba mchungaji hana muda wa kuandaa neno, na mahubiri yamekuwa mepesi. Tumemfanya mchungaji kuwa msimamizi wa mafundi, mweka saini, mgeni rasmi wa kila sherehe. Yethro alipomwona mkwewe Musa ameketi kuwaamua watu tangu asubuhi hata jioni hakumpongeza kwa bidii yake. Alimwambia, jambo hili ufanyalo si jema, utajidhoofisha wewe na watu hawa pamoja nawe. Mpendwa, kama Mungu amekupa mikono na akili ya hesabu, ni kwa nini mchungaji wako ndiye anayefuatilia risiti za saruji? Chukua kazi hiyo mikononi mwake, arudi kwenye Neno.

Mimi nimeokoka kwa sababu ya mtu aliyejua machache yake. Baba alipofariki nikiwa kijana, nyumba yetu iliacha kanisa. Mwinjilisti wa mtaa wetu hakuwa msemaji mzuri, na sidhani kama alipata kualikwa kuhubiri mkutano mkubwa. Lakini alikuwa na nyumba chache alizokuwa akiziombea, na yetu ilikuwa mojawapo. Alikuja na mvua, alikuja na jua. Mara nyingine alimkuta mama shambani, akashika jembe kwanza, kisha akasoma zaburi, akaomba, akaenda. Hakutuuliza mbona hatuji ibadani. Miaka imepita, na leo mama yangu ni mwombaji, mdogo wangu anafundisha watoto shule ya Jumapili, nami nawaandikia ninyi. Semina nyingi nzuri nimehudhuria tangu wakati ule na namshukuru Mungu kwa ajili yake. Ila nikiulizwa ni nini kilichonirudisha kwa Yesu, nakumbuka hatua za mtu yule uani kwetu.

Hata uamsho wa Afrika Mashariki, ambao wazee wetu wanausimulia kwa machozi, ulianza padogo hivyo. Mwaka 1929 daktari mmisionari Joe Church, aliyekuwa akihudumu Gahini huko Rwanda na amechoka baada ya njaa kali iliyoipiga nchi ile, alikutana Kampala na Simeoni Nsibambi, Mganda mwenye kiu ya Mungu kama yeye. Wakaketi na Biblia, wakachunguza habari za Roho Mtakatifu, wakaomba. Moto uliowaka Gahini katika miaka ya 1930 ulikwenda Uganda, Burundi, Kenya, na ukaingia kwetu Tanganyika kupitia Bukoba. Walichofanya wale ndugu walipokutana ni kile kile: Neno, maombi, kuungama na kutembea nuruni mmoja na mwenzake.

Katika Yohana 15 Bwana anasema Baba huliondoa tawi lisilozaa; na lile lizaalo? Nalo hulisafisha, ili lizidi kuzaa. Sisi wa kahawa tunaelewa. Mbuni ulioachiwa machipukizi yake yote hupendeza kwa majani, na wakati wa kuchuma huna cha kujaza debe. Mkulima huacha mashina mawili au matatu, mengine huyakata yakiwa mabichi na yenye afya. Mkono ule unaokata haukuuchukia mbuni. Basi Mungu akikuondolea cheo fulani, au akikufungia mlango wa huduma uliyoipenda, usikimbilie kusema ni shetani. Huenda ni Baba yuko shambani kwake.

Na wazazi, nawasihi. Watoto uliopewa hawana mwingine wa kuwaombea kwa kiasi chako. Kamati itapata mwenyekiti mwingine. Mwanao hatapata baba mwingine. Kama ratiba ya kanisa imekunyima kusali na nyumba yako, rudi nyumbani, mwambie mwenyekiti kwamba mimi mzee wenu nimekuruhusu, nami nitasimama nawe.

Wiki hii, kabla hujashika simu asubuhi, mpe Bwana muda ule wa kwanza na umwombe akupe majina machache, ya watu walio karibu nawe kabisa. Likikujia jina la mtu hata sasa ukisoma hapa, nenda kamwone. Usimpelekee kadi ya mchango wala tangazo la semina. Kaa naye, msikilize habari zake zote, msomee Wathesalonike wa kwanza sura ya pili, ombeni pamoja, na wiki ijayo umrudie.